Vidonge vya Asubuhi

Sumbawanga, 14 Juni 2023
Asubuhi: baridi, upepo mkali, ukungu hadi saa tatu.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini joto la huko Muze halikusumbui kifua, na baba amemaliza kuvuna. Mimi ni mzima. Nakuandikia nikiwa wodini, kando ya kitanda cha mdogo wangu Coleta.

Kwenye simu nilikwambia anatapika kama kawaida ya mimba changa. Sivyo. Tangu tarehe 2 hata maji hayakai tumboni. Nimeandika kwenye daftari langu: tarehe 9 mara kumi na moja, tarehe 11 mara kumi na sita. Mama mkwe wake, Minza, alileta maziwa ya mgando akisema mjukuu wake Msukuma amegomea ugali wa Wafipa. Coleta akamjibu kwamba basi aje ambebe mwenyewe. Tulicheka, kisha akatapika nyongo.

Jana alianguka akienda chooni, tukamleta hapa hospitali. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, na amepungua kilo sita. Muuguzi, dada Gaudiosa, akamtundikia dripu na kumchoma sindano ya kuzuia kutapika. Akauliza kama vidonge vya kuzuia kutapika alivyopewa kliniki alikuwa anavimeza. Coleta alidakia kwamba mimi dada yake ndiye ninayempa, na sipitishi hata dakika. Daktari akaandika kwamba vidonge vimeshindwa.

Mama, havikushindwa. Aliandikiwa vitatu kwa siku, nami nilimwambia ni kimoja, cha jioni. Vya asubuhi na mchana nilivificha kwenye kopo. Unakumbuka mimba zangu mbili zilizotoka. Sikutapika hata siku moja, nawe ulisema mimba inayotapisha ndiyo iliyoshika. Niliogopa kwamba tukizuia kutapika, na ya kwake itatoka. Kila alipoinamia beseni nilimshika mgongo, na moyoni nilishukuru.

Leo asubuhi nimemweleza Gaudiosa yote. Hakunifokea. Alisema kinachomhatarisha mtoto ni njaa na kiu ya mama yake, akaenda kumwambia daktari. Moyo wa mtoto unadunda, wameupima.

Coleta bado hajui. Amekunywa vijiko vinne vya uji wa ulezi na havijarudi. Ameniambia akizaa wa kike atampa jina langu.

Akiamka nitamwambia. Barua hii naipeleka kwanza kwenye gari la Muze linaloondoka saa tisa, nisije nikaghairi. Usimpigie leo, tafadhali. Niachie mwenyewe.

Msalimie baba na wote hapo nyumbani.

Mwanao,
Edith

Coleta amelala saa nane na robo mchana.