Mlango wa Nyumba Yetu

Kifunguamimba wangu,

Huku tupo. Kuku wanataga, ila nyumba haina mlango. Usicheke. Mama yako aligongwa na pikipiki, paja likapasuka. Gari la wagonjwa lipo, jipya, limekaa juu ya mawe. Matairi yake yanatembeza gari la mganga mkuu. Nikang'oa mlango niliouchonga mwenyewe, majirani tukambeba juu yake.

Hospitalini nesi akasema, "Babu, kwanza karatasi ya polisi."

Nikamwambia, "Mkono wangu ndio umeziba damu hii. Nikienda polisi, utaziba wewe?"

Akamwita mgonjwa anayefuata. Nikaziba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, jirani aliporudi na hiyo karatasi. Kijana gani angeweza?

Mguu wameukata. Daktari anasema tungepokelewa tulipofika, ungepona. Watu hawa wananitia kinyaa mwanangu, hata maji yao sinywi.

Mlango wamebaki nao, ndio machela yao sasa. Hospitali nzima, kitu kizima pekee ni kazi yangu! Mganga mkuu kanipa mkono, ananiomba nichonge mlango wa pili. Nikatema mate chini.

Sichongi mlango wowote, hata wetu. Kwanza magongo ya mama yako.

Ni mimi baba yako, fundi seremala.