Zamu ya Alfajiri na Kifua cha Mjukuu

Mpendwa mshauri Bi Masouda,

Naomba msaada wako, mama, na kabla hujaanza kunigombeza redioni kama unavyowagombeza wenzangu kila Alkhamisi, pokea salamu kutoka Matrah, Maskati, kwa mzee mmoja mshona kofia, Mzanzibari wa kuzaliwa, skuli nimesoma mpaka mwalimu aliponichoka, kwa hiyo ukiona maneno yangu hayana pa kupumzikia usinicheke, nivumilie tu kama alivyonivumilia marehemu mke wangu, naye hakunivumilia sana.

Nakueleza tangu mwanzo. Mwanangu Amur aliuliwa Unguja mwaka sitini na nne, sitaki kuyaeleza na wewe usinitake niyaeleze, nikabaki na mkewe Mahbuba na mtoto wao mmoja tu, Aflah, tukapanda meli tukaja huku kwa wazee wa wazee wetu, na wazee wa wazee wetu kwao ni Jabal Akhdhar, mlima mrefu wa ndani huko, watu wa makomamanga na mawaridi, tulikuwa hatujapata kuwaona na wao hawajapata kutuona, lakini babu yangu aliacha kule kijumba cha mawe na vishamba vya ngazi ngazi na haki ya maji, na hiyo haki ya maji, Bi Masouda, ndiyo roho ya yote, maana maji yao hutoka kwenye chemchemi moja yakapita kwenye mfereji wa mawe wanaouita falaji, kila nyumba ina zamu yake, ikifika zamu yako maji ni yako, ikipita imepita, na nyumba ikikaa baridi mbili hakuna aliyekuja kuyapokea maji yake basi wanapewa wengine.

Tulipofika mlimani binamu yangu Bakhit, ndiye mkubwa wao, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache, akatuchinjia mbuzi, akatukalisha kwenye busati, akasema zamu ya babu yenu tulikuwa tukiitumia sisi, sasa mmekuja wenyewe, chagueni, ipo ya alasiri na ipo ya alfajiri. Mie nikafanya kama tufanyavyo kwetu. Kwetu mtu akikupa kitanda unamwambia mkeka utanitosha, akikusogezea nyama unasema mchuzi tu unatosha, naye anakushika mkono anakuapia mpaka unakubali, ndo adabu hiyo, hata mtoto wa chuoni anaijua. Nikasema, "La, binamu, sie wageni, ya alasiri kaeni nayo nyinyi, sie hiyo ya alfajiri inatutosha."

Nikakaa kungojea kushikwa mkono. Bakhit akasema, "Allah akubariki," akaendelea kula.

Mbuzi mzima alinikwama kooni. Kumbe kule neno likishatoka ndo limetoka, hakuna wa kukuapia.

Sasa alfajiri ya kule wakati wa baridi, mama, huijui na Mungu akuepushe nayo. Sie tulidhani baridi ni ile ya kipupwe, mtu anajitanda shuka asubuhi na jua likipanda kaivua. Mafuta ya nazi tuliyokwenda nayo yaliganda kwenye chupa yakawa meupe kama mshumaa, Mahbuba akalia akidhani yameharibika. Umande unaganda juu ya majani kama mtu kamwaga chumvi, na maji yanayoruka pembeni ya falaji yanakuwa kioo, unajiona uso wako na uso wenyewe umeshapauka. Na zamu haitaki mtu wa kutembea. Unazibua kule juu kwenye birika la maji, kizibo chenyewe jiwe na matambara, halafu unakimbia juu ya ukingo wa mfereji, upana wake kama mgongo wa punda, uyatangulie maji yako, huku uzibe, pale uzibue, kule uzibe tena, maana ukichelewa yanaingia shamba la jirani na yakishaingia hayatoki, na ukingo wote umeganda, upande mmoja una ukuta wa mlima na upande wa pili una hewa. Mkimbiaji wa nyumba yetu ni Aflah, kijana mwenye pumu tangu ananyonya.

Na mie? Mie nimo ndani nimejifunika mablanketi mawili, pua tu ndo iko nje, na ninamtania. Babu na mjukuu kwetu ni watani, wewe unajua. Nikimsikia anakohoa mlangoni namwambia, "Kimbia bwana, wenzio wa hapa wanakimbia peku na wana wake wawili, wewe una viatu na hata mmoja huna." Anacheka, akivuta pumzi inalia kama bawaba kavu, anakwenda zake.

Baridi iliyopita siku moja maji hayakufika shambani. Bakhit akatoka kutazama maji, hakutoka kumtazama mtu, akamkuta Aflah ngazi mbili chini ya ukingo, kateleza, nusu ya mwili imo kwenye tope lililoganda, hasemi. Walimleta mgongoni, nguo zimekakamaa kama ngozi ya mbuzi, tukazichana kwa khanjari ya Bakhit mwenyewe. Vidole viwili vya mguu viligeuka vyeusi vikakatwa, na kifua kikaharibika. Tukamteremsha kwa punda mpaka bondeni, kutoka bondeni kwa lori, tunapita mji wa Sib anatema damu kwenye mtandio wa mama yake, tukafika hapa hospitali na daktari baada ya siku nyingi akamrudisha kwetu, ndo tukabaki hapa Matrah mpaka leo, lakini aliniita pembeni akanambia, mzee, akikimbia tena kwenye baridi ile usihangaike kumleta kwangu.

Sasa baridi inarudi. Bakhit katuma mtu aje anambie, wala hakutuma kwa ubaya, kwamba baridi iliyopita maji yenu yalibaki bila mwenyewe, na hii ikipita hivyo hivyo watu watayagawana, yeye hawezi kuwazuia. Na mie hapa mjini, mama, naitwa Mzinjibari. Sokoni Mzinjibari, msikitini Mzinjibari, hata kinyozi akininyoa ananiuliza lini unarudi kwenu. Na Unguja nilikozaliwa nilikuwa nikiitwa Mmanga, Mwarabu wa kuja. Kule mlimani ndo pahala pekee duniani mtu kanionyesha jiwe ukutani akanambia hili kaliweka babu yako kwa mkono wake. Nataka nizikwe pale, huo ndo ukweli wangu.

Basi jioni nikawapa ile habari ya Bakhit, nikasema, kwa mzaha tu, ningelikuwa na miguu ya kijana ningelikwenda mwenyewe. Asubuhi nikamkuta Aflah kafunga mzigo, na viatu kaviziba mbele kwa pamba pale pasipo vidole. Nikamuuliza, unakwenda kwa khiari yako? Kanijibu, "Babu ukisema niende nakwenda, ukisema nisende sendi."

Mama yake hanisemeshi. Ananiwekea chai anaondoka, chai yenyewe haina sukari na najua si kusahau. Juzi tu ndo kasimama mlangoni, hakupandisha sauti, akasema, "Baba, mume wangu nimemuacha Unguja, kaburi lake silijui. Huyu ukimpandisha, nipandishe na mimi, nikamchimbie mwenyewe."

Nimwambie nini huyu mtoto, Bi Masouda? Nikimzuia tumeupoteza mlima, na hatuna kwengine. Nikimuachia, najua. Na wallahi mie sikumwambia aende. Lori la kwenda bondeni linaondoka mwisho wa mwezi. Nijibu upesi, na usinitukane sana, redio ni ya jirani na mkewe anapenda kusikiliza.

Mie,
Mshona kofia, Matrah

*

JIBU LA BI MASOUDA

Waalaykumu salaam, mzee wangu. Kwanza pole. Pole kwa Amur, na sitakuuliza lolote juu yake. Mtu aliyeizika nchi na mwana kwa mwaka mmoja anastahili kuonewa huruma, na mimi nakuonea. Huruma yangu imeishia hapo. Sasa kaa vizuri, na mke wa jirani akae vizuri vile vile.

Unasema hukumwambia aende. Mjukuu aliyelelewa kama Aflah, babu yake akiguna tu kwake ni amri. Ulisema ungelikuwa na miguu ya kijana. Nyumba yenu ina kijana mmoja. Ulitaka asikie nini? Umemtuma, mzee, ila umemtuma kwa namna ambayo akifa utaweza kuapa hukumtuma. Halafu ukaona hata hiyo haitoshi, ukaniandikia mimi, mwanamke wa ng'ambo, ili nikisema aende iwe nimemtuma mimi, na nikisema asiende iwe mlima nimeupoteza mimi. Sikubali yote mawili.

Na Bakhit msamehe, kwa sababu hajakukosea. Alikuuliza, ukamjibu, akakuombea baraka. Adabu ya Unguja ulimpa mtu asiyeijua, akaichukua kama ulivyompa. Hilo si kosa kubwa, mgeni yeyote wa kwetu angelifanya. Kosa ni yaliyofuata. Nyumba ya Bakhit iko hatua chache kutoka kwako, na wewe baridi baada ya baridi ulimsikia mtoto anapumua kama bawaba, lakini hukuinuka kwenye mablanketi yako ukaenda kumwambia, "Binamu, nilisema vile kwa haya, naomba ile ya alasiri." Maneno mepesi kama hayo. Uliona bora mtoto akimbie juu ya barafu kuliko wewe uonekane mbele ya watu wa ndevu kuwa umegeuza neno. Umempa haya zako azibebe yeye, na zimeshakula vidole viwili.

Utani nao acha. Utani wa babu na mjukuu ni mzuri pale ambapo mjukuu anaweza kujibu. Huyu pumzi ya kujibu hakuwa nayo.

Sikiliza utakalofanya. Aflah hapandi mlima wakati wa baridi, si mwaka huu wala mwengine wowote. Lori la mwisho wa mwezi unapanda wewe. Usiniambie miguu, punda hawamuulizi mtu umri. Ukifika kwa Bakhit, kabla hujagusa chakula, sema mbele ya jamaa wote: mjukuu wangu mgonjwa, sitamleta tena, nataka zamu ya alasiri. Usianze na visa, usizungushe, na usimngojee mtu akushike mkono. Akikupa, alasiri jua limeshapiga na ukingo umekauka, tafuteni kijana wa hapo hapo awe anayateremsha maji, mgawane naye matunda. Akikunyima, ana haki ya kukunyima, basi mkabidhi maji na mashamba yeye mwenyewe kwa mkono wako, kabla hawajayagawana wengine, na umuombe kitu kimoja tu, pahala pa kuzikwa. Kaburi halina zamu ya maji, hawatakunyima. Utarudi Matrah hufahamiki ni wa wapi, utaitwa Mzinjibari sokoni na msikitini mpaka siku yako ifike, na itakuuma. Iwe inakuuma wewe.

Mahbuba, mwanangu, kama unanisikia, mzigo ule ufungue leo. Usingoje ruhusa ya baba mkwe. Nguo zitie kwenye kasha, na funguo za kasha ziweke pahala pako. Ulivyosema pale mlangoni umesema vizuri, wala hukumvunjia mtu heshima.

Aflah, na wewe nina neno. Mtu mzima akikuuliza una khiari gani, mpe khiari yako, usimrudishie yake. Umeachwa hai na mambo mawili, mapinduzi na baridi. Usijipeleke kwa la tatu kwa sababu ya kuogopa kumuudhi babu.

Lakini mzee, asianze yeye kusema. Ni mtoto, na hujamfunza kukukatalia. Wewe ndiye wa kumkatalia. Mkimaliza kunisikiliza mwite akae mbele yako, mama yake awepo. Usimtanie, usicheke, usitaje mlima. Mwambie neno moja tu: "Hwendi." Kisha nyamaza, umsikilize anavyopumua.