Konzi ya Ngano ya Ayeyo

Ijumaa. Jua la Garissa leo halina adabu. Mabati yanalia tangu saa nne, na mimi nimejilaza mkekani hapa nyumbani mtaani Iftin, tumbo limenijaa gesi, sijaenda kufundisha. Siku ya pili hii.

Nimechoka. Basi, niseme tu.

Miezi mitatu iliyopita daktari wa Nairobi aliniambia ugonjwa wangu ni ngano. Si malaria, si amiba, wala si jicho la watu. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na kikiingia tumboni mwangu matumbo yanajiumiza yenyewe. Ndiyo maana damu yangu haitoshi, ndiyo maana nilianguka mbele ya watoto wa darasa la nne. Dawa ni moja, nisile ngano tena maishani, hata chembe. Nilicheka. Halafu nikapanda basi la kurudi nyumbani, nikalia mpaka Mwingi.

Jamani, huku kwetu utakula nini? Asubuhi anjera za unga uliochachushwa, mchana baasto, yaani tambi, jioni chapati, mgeni akija sambusa. Harusini nilipokataa sambusa, shangazi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama ninajikondesha nipate mume. Nilimchekea. Moyoni nilitamani ardhi ipasuke.

Ni ayeyo peke yake aliyenisikiliza. Ayeyo ni nyanya yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea tangu mama afariki nikiwa bado nanyonya. Hakubishana nami hata kidogo. Alisema ngano ni chakula cha dukani tu, wazee wake kule Kotile walikula mtama na maziwa ya ngamia na hawakufa njaa. Siku hiyo hiyo alinunua mtama, akausaga, akaninunulia na kikaango changu. Tangu hapo kila asubuhi amekuwa akinipikia anjera zangu kando, laini, zenye vitobo vizuri, na kusimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza.

Nami nikamaliza. Kila siku.

Na kila siku nikazidi kukonda. Wiki iliyopita vipimo vilionyesha damu imeshuka zaidi. Daktari akaniuliza kwenye simu, bila kumung'unya maneno, ngano ninaila wapi. Nikaapa wallahi siili. Akauliza tena, nikajua haniamini. Akasema hali ikiendelea hivi nitalazwa niongezwe damu. Nikiri hapa, kwa kuwa sina pengine pa kukiri: siku ile nilisimama mbele ya kibanda cha mandazi nikajiambia, potelea mbali, kama ni kufa nife nimeshiba. Sikununua. Lakini nilisimama muda mrefu.

Jana niliamka mapema kuliko kawaida, nikamkuta ayeyo jikoni anakoroga unga wangu. Alikuwa amechota chachu kwenye ndoo ya anjera za nyumba nzima, ile ya ngano, ambayo kila siku hubakizwa kidogo chini ili ichachushe ya kesho. Akaitia kwenye mtama wangu. Kabla sijafungua mdomo, akachota konzi ya unga wa ngano kwenye gunia la pili, akaitia pia.

Nilimuuliza, ayeyo, unafanya nini?

Hakushtuka, maana hakuwa anaficha kitu. Akaniambia mtama peke yake haushikani, tena hauna nguvu, na mimi ninakwisha mbele ya macho yake. Mwanzo alikuwa anatia kijiko tu. Aliponiona nakonda akaongeza, kikawa vijiko viwili, kisha konzi. "Hiyo kidogo si kula ngano," alisema. "Hiyo ni ya kukushikilia."

Miezi mitatu! Kadiri nilivyokonda ndivyo alivyoongeza, na kadiri alivyoongeza ndivyo nilivyokonda.

Nilijaribu kutafuta maneno ya upole, nikayakosa, tumbo lilikuwa linanikata. Nikamwambia tu: ayeyo, hiyo ndiyo inayoniua.

Najuta. Ni kweli, na ilibidi aambiwe, lakini najuta.

Aliiangalia mikono yake yenye unga, akainawa taratibu, mara mbili. Kisha akaibeba ile ndoo ya chachu nje, akaimwaga yote mchangani, chachu ambayo hajawahi kuiacha ife tangu ahamie mjini. Leo asubuhi jiko lilikuwa baridi. Nyumba nzima imekunywa chai tupu, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Yeye amekaa kwenye msala wake, tasbihi mkononi, na kila nikipita anageuza uso. Hajakasirika, mimi namjua. Ananiogopa.

Nimemwomba msamaha mara tatu. Anasema hakuna kitu, mwanangu, pumzika.

Sasa hivi, baada ya swala ya alasiri, amekuja na kikombe cha maziwa ya ngamia. Zamani angenishikisha na kuniamuru ninywe. Leo amekiweka chini, mbali kidogo na mkeka, akarudi nyuma hatua moja kabla ya kuniuliza.

"Na hii, itakuumiza?"

Mtu aliyeninywesha maziwa hayo hayo kwa kijiko nilipokuwa mchanga. Nimetikisa kichwa, nimekunywa yote akinitazama, na bado hajakaa.

Kesho sijui nani atawasha jiko.