Siku Mama Yako Alipokataa Maji

Kibanda cha Kinyozi,
Mkabala na Kiwanja cha Chokaa,
S.L.P. 61.

Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu, Profesa,

Pokea salamu za mjomba wako mwenye mkasi. U hali gani huko? Unakula? Unalala? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha, au bado mnakwenda nacho darasani? Usinijibu "mzima tu" kama kawaida yako, maana hilo ni jibu la mtu anayeficha jambo.

Sisi huku hatujambo. Goti la bibi yako linamsumbua asubuhi. Ikifika saa nne linamwachia, naye anaanza kutusumbua sisi. Mimi meno yananitoka kwa zamu, ila domo lingali zima. Kuhusu mama yako nina mengi ya kukueleza, na nakuomba usome polepole bila kushtuka. Mabaya yamekwisha kupita.

Nianze na barua yako, niliyoipokea tarehe ishirini mwezi uliopita. Umenieleza kwamba umeanguka mara mbili katika mtihani wa nishati, ule wa kemia, kwamba mkufunzi amekupa nafasi moja ya mwisho tarehe ishirini na tano mwezi huu, na kwamba huoni haja ya kuufanya. Unataka ufunge sanduku urudi umsaidie mama kuchoma chokaa kiwanjani, na kazi ya kumwandaa umenitwika mimi. Ukamalizia kwa methali, eti ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

Mpwa wangu, ulichagua mjumbe mbaya. Mtu anayeshinda akiongea juu ya vichwa vya watu hana kifua cha kuweka siri. Nilikaa nayo siku tano, na kila aliyeketi kwenye kiti changu nilimwona kama ananisoma usoni. Mama yako akipita kunisalimu, najitia kunoa wembe.

Siku ya sita ikanyesha mvua.

Unaikumbuka stoo ya mbao inayoegemeana na karakana ya seremala. Tangu uondoke, mama yako amekuwa akirundika humo magunia ya chokaa kavu, ile iliyotoka tanurini na haijaonja maji. Bati la pembeni lilikuwa limelegea mwezi Desemba. Nilimwambia dada yangu asihangaike kumwita fundi, nikapanda mwenyewe na misumari. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku ile mimi zangu zilikuwa zimenyolewa.

Mvua yenyewe haikuzidi dakika kumi, lakini ilikuja na upepo. Mnamo saa nane mchana bati likanyanyuka, na maji yakaingia moja kwa moja juu ya magunia. Tuliona mvuke, tukadhani ni vumbi. Kisha ikaja harufu ya gunia linaloungua. Maranda ya seremala, yaliyokuwa yamepenya chini ya ukuta, yakashika moto.

Watu wakatoka kila mlango na ndoo za maji. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na beseni langu, lenye povu na nywele za mteja ndani. Mama yako akatufikia kabla hatujafika, akasimama mlangoni mwa stoo na kutanua mikono.

"Hakuna maji hapa! Mkimwaga maji mnaongeza moto!"

"Dada, stoo inaungua!"

"Naiona! Rudisha hilo beseni lako. Leteni mchanga mkavu, ule wa chini ya turubai! Na makoleo, haraka!"

Nakiri mbele yako kwamba nilidhani dada yangu amerukwa na akili. Seremala naye alianza kulia kwa sauti, kwani nyuma ya ukuta ule alikuwa na mbao zake zote, na milango ya watu ambayo haijachukuliwa. Mtu mmoja mwenye ndoo akataka kupita kwa nguvu. Mama yako akamsukuma kwa kifua, ndoo ikamwagikia miguu ya mwenyewe. Hapo tukaelewa kwamba hatanii. Tukakimbilia mchanga.

Sisi tuliyafukia maranda. Yeye alijifunga vitambaa mikononi akaingia ndani kuyatoa magunia yaliyoloa, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakipika yale mengine. Aliyaburuta mpaka uwanjani, moja moja, manne, akayapasua na kuitandaza chokaa kwa reki ili joto lisikae pamoja. Ilikuwa ikitokota kama uji. Yaliyokuwa makavu bado aliyasogeza mbali na ukuta na kuyafunika turubai. Nusu saa, moto umekwisha. Hakuna ubao hata mmoja wa seremala ulioguswa.

Ila vile vitambaa vililowa, na chokaa ikamla mikono kupitia humo. Hakusema neno mpaka alipomaliza. Muuguzi wa zahanati alimpangusa vumbi lote kwanza, ndipo akamwosha kwa maji mengi, mengi kweli. Macho ni mazima, mshukuru Mungu. Vidole vyote vinacheza. Bendeji zitaondolewa mwisho wa mwezi, na muuguzi anasema ngozi itarudi.

Nimemjua mama yako tangu akinibeba mgongoni, nami sikujua kwamba nimebebwa na mtu wa namna hii. Mtaa mzima ulikuwa na ndoo, na wote tulikuwa tumekosea isipokuwa yeye. Siku ile niliona fahari mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Sasa nikuambie nililowaza jioni yake. Tanuri limezimwa, mikono ya mwenye tanuri imefungwa, na binti yake mwenyewe anatafuta sababu ya kurudi. Nikaona kazi yangu imerahisishwa. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia uje.

Kesho yake nilikuwa namnywesha chai kwa kijiko, siri ikanitoka. Nikaichukua barua yako nikamsomea yote, mpaka lile la ng'ombe. Mimi nikakoroga chai iliyokuwa imekwisha korogwa.

"Soma tena lile swali alilolikosa," akasema.

Nikalisoma jinsi ulivyolinakili: eleza kwa nini jiwe la chokaa halivunjiki lenyewe kuwa chokaa katika halijoto ya kawaida, lakini huvunjika lenyewe ndani ya tanuri. Nikamsomea na jibu lako, kwamba mmenyuko huo hauwezi kujiendea wenyewe wakati wowote, kwa sababu unavuta joto.

"Hilo kaandika nani?"

"Mwanao."

"Huyu huyu aliyekulia hapa?"

"Huyu huyu."

Mama yako akacheka, Profesa. Alicheka mpaka mikono ikamuuma, akawa analia na kucheka pamoja. Wewe uliyelelewa katika moshi wa tanuri, uliyekuwa ukifua sare mara mbili kwa sababu ya moshi huo, umemwandikia mkufunzi kwamba jambo analolifanya mama yako kila wiki haliwezekani! Na si mara moja. Mara mbili.

"Chukua kalamu," akaniambia. "Andika niseme."

Nami nayanakili hapa kama alivyoyasema, bila kuyapaka mafuta.

"Jiwe likiwa baridi, liache hapo mpaka wajukuu wazeeke, halitakuwa chokaa. Ukilichoma kidogo umepoteza kuni zako. Lakini tanuri likishika rangi ya chungwa, jiwe lenyewe linaanza kuachia pumzi. Huligongi, hulibembelezi. Wewe lishikilie joto hapo hapo, litajiendea mpaka kiini."

Nikamuuliza anajuaje kwamba limeachia.

"Kwa uzito. Ukubwa ni ule ule, lakini ulichoingiza kizito kinatoka karibu na nusu. Hiyo iliyopungua imepaa."

Nilikitafuta kile kitabu chako cha kemia ulichokiacha uvunguni. Wiki hii yote, kukiwa hakuna mteja, nimekuwa nikimsomea. Mimi herufi zenye namba miguuni zinanipa kizunguzungu, lakini maneno nimeyaelewa, na nakuandikia nilivyoelewa ili unicheke vizuri. Kitabu kinasema kuna mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni joto: mmenyuko ukitoa joto, hilo linausukuma mbele, ukivuta joto, hilo linaurudisha nyuma. La pili ni mtawanyiko: jiwe likitoa gesi, kilichokuwa kimefungwa mahali pamoja kinapata kuzagaa, na hilo nalo linasukuma mbele. Kinyang'anyiro kiko hapa: nguvu ya hili la pili huzidishwa na halijoto. Penye baridi, mtawanyiko ni mnyonge, jiwe linabaki jiwe. Penye nyuzi mia nane na zaidi, mtawanyiko unashinda, ingawa jiwe bado linakula joto kama kawaida. Wewe ulilitazama la kwanza, la pili ukaliacha nje ya mlango.

Nilipofika hapo mama yako akanikatiza. "Ndiyo maana mdomo wa tanuri siuzibi. Hiyo pumzi ikikosa pa kwenda, inalirudia jiwe."

Nikageuza kurasa. Jambo hilo hilo nimelikuta kurasa sita mbele, Profesa, na mama yako kitabu hicho hajawahi kukifungua. Nilikiweka chini nikamtazama tu.

Nikajitia ujanja nikamuuliza: basi kitu kinachojiendea chenyewe ni lazima kiende haraka? Akanionyesha ukuta wa chumba kwa kidevu. Anasema chokaa aliyoupaka, wewe ulipokuwa darasa la pili, inavuta ile pumzi kutoka hewani na kugeuka jiwe upya, bila moto na bila kulazimishwa, na huko ndani kabisa inawezekana bado haijamaliza. Hilo nalo limo kitabuni, limeandikwa kwa herufi nzito: kujiendea si kwenda mbio. Mimi nilioa nikiwa na miaka arobaini na moja, kwa hiyo nimelielewa upesi kuliko yote.

Kuhusu kurudi kwako, nilimuuliza nikujibu nini. Hakufikiri hata kidogo.

"Mwambie mimi sikuzaa ng'ombe."

Na usihofu kwamba kazi imelala. Seremala amegoma kutengeneza milango ya watu mpaka tanuri liwashwe. Anapanga mawe yeye mwenyewe, na mama yako ameketi kwenye kiti changu cha wateja, ameletewa pale uwanjani, akimwelekeza kwa mguu. Mawe makubwa katikati, madogo pembeni, hapana, siyo hivyo, toa yote uanze tena. Ijumaa wanawasha. Yule mtu wa ndoo analeta kuni, na hajathubutu kumtazama mama yako machoni.

Kwa hiyo ile barua ya kukuita nimeichana. Sitaki nikufiche kwamba nyumba ingefurahi ukiwemo. Mama yako analishwa na kuvalishwa, na usiku anaugulia chini kwa chini akidhani hatusikii. Ukija, hatakufukuza. Lakini nimekaa naye siku zote hizi, nimeona anachokitaka, na ningekuwa mjomba wa bure kama nisingekuandikia.

Bibi yako anakusalimu. Anauliza kama huko chuoni mnafundishwa pia kuandika kwa bibi zenu. Seremala anakusalimu sana. Amegongelea mabati yote upya na kuninyang'anya nyundo. Mke wangu anakuombea dua kila siku, na amenituma nikukumbushe kuvaa sweta.

Mama yako anakusalimu mwisho, kwa sababu salamu zake zina ombi ndani yake, nami nimeahidi kulifikisha neno kwa neno. Anasema kuna jambo amelijiuliza miaka ishirini na sita. Maji ni baridi. Chokaa iliyokaa gunini wiki tatu ni baridi. Vikikutana, vinachemka. Joto hilo lilikuwa wapi? Kitabu kinalo jibu, lakini liko katika hesabu, na hesabu hizo mimi sikuziweza. Tulikwama hapo juzi. Akaitazama mikono yake iliyofungwa, akaniambia:

"Nashuku ni kuni zangu. Moto niliouwasha mwenyewe, umekaa ndani ya gunia ukinisubiri. Lakini kushuku si kujua. Hapa mtaani hakuna wa kuniambia. Ninaye mmoja tu, na yuko huko chuoni. Asirudi kabla hajajua."

Mungu akupe utulivu wa kichwa tarehe hiyo, na mkono usiotetemeka.

Ni mimi mjomba wako akupendaye daima,
Kinyozi