Waliniuliza Mara Moja Tu

Shikamoo Bibi, mke wangu,

Denmark nzima hakuna kijana wa kunifikia! Chuoni hapa tunajifunza kutengeneza jibini, watu wazima watupu, wengine wametoka Poland, wengine Ugiriki, na wote huja kwangu kuuliza kama maziwa yameganda au bado. Baridi ni ya kung'oa masikio. Lile koti langu la mitumba la soko la Tengeru limefika kwao, ila halinisaidii kitu.

Jana tukila viazi, mwalimu wetu, mama mmoja mpole, akaniambia: "Ipo nafasi moja ya kubaki kusoma mwaka mzima. Unaitaka?" Moyo ukaruka. Nikajibu kama ulivyonilea: "Aa, mama, msijisumbue." Nikainamisha macho, nangoja anibembeleze.

Akasema, "Haya," akamgeukia Mgiriki. Mgiriki akadakia, "Naitaka!" hata hajaulizwa vizuri. Tukampigia makofi, mimi kuliko wote.

Jifunike, umande wa Meru usikuingie kifuani. Narudi mwezi huu huu, uringe na mumeo. Lakini ile nafasi niliitaka, Bibi. Niliitaka sana.

Mjukuu wako,
Elia