Mkanda Umeondoka na Mama

Thuwaini,

Mchuzi wa papa umo kwenye friji, wali upashe mwenyewe. Karatasi hii ukishaisoma ichome.

Ule mzigo wetu wa kitandani umefika asubuhi, mimi nakoga. Mamako kaupokea, na unajua hakuna mzigo unaoingia nyumba hii asioufungua yeye. Miezi miwili tumesoma wanaoanza wachague nini: dude la silikoni liwe dogo na laini, mkanda wa kulivalia usinikate kiuno, kilainishi kingi, na twende taratibu. Nikakwambia tuchukue mkanda mwembamba. Ukashikilia mpana. Haya, mama kadhani ndio ule mkanda wa mgongo uliomwahidi tangu Ramadhani! Nimemkuta kashauvaa juu ya kanzu, anakuombea dua. "Mwanangu," kaniuliza, "hii pete ya mbele ya nini?"

Kaondoka nao kiunoni, kenda Sur kwa dadako Huwaida. Anasema Huwaida ni daktari, ndiye ajuaye unavyofungwa. Namfuata, pengine nitamdiriki njiani Al Kamil, akisimama kusali.

~~Nawe njoo Sur.~~ Usije. Huwaida akipiga simu, usipokee.

Dude lenyewe lilibaki chini ya boksi, hakuliona, nimelificha kabatini. Nilishaanza kushukuru. Kisha nikaitafuta karatasi ya maelekezo, ile yenye picha. Haimo. Kumbe ndiyo ile niliyomwona mama akiikunja na kuitia mkobani, maana leo hana miwani.

Huwaida anayo yake.

Mkeo