Darasa Linalohama na Kivuli

Shule ya Msingi,
Kakuma,
kupitia Posta ya Lodwar.

Jumamosi, 23 Machi 1974.

Mpendwa dada Keziah,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana nina mengi na leo mkono wangu hauwezi kuifuata akili. U hali gani? Kifua cha Mama kimepoa, au bado kinamsumbua asubuhi? Na yule wako wa mgongoni, meno yameshatoka? Mimi ni mzima kabisa. Nimekuwa mweusi kuliko nilivyoondoka, jambo ambalo Mama aliapa kwamba haliwezekani, na nimekonda kidogo. Mengine yote yako mahali pake.

Barua yako ililala Lodwar mpaka lori la unga likaileta juzi. Nimeisoma nikairudia. Unasema watoto wa darasa la kwanza wamekumaliza sauti, ukimkalisha huyu yule anasimama, na ukisikia mtu akitaja elimu ya bure unataka kulia. Pole sana, dada yangu. Halafu eti unaniuliza mimi nafanyaje! Sote wawili tuliokotwa Januari kwa sababu watoto walimiminika na walimu hawakutosha, na hakuna aliyetuonyesha hata namna ya kushika chaki. Ungeniuliza mwezi uliopita, ningekujibu kwamba sijui lolote. Sasa ninajua kitu, na nisipokuambia nitapasuka.

Kwanza ujue nilikuwa nimekwama wapi. Shule yetu ina chumba kimoja tu cha darasa la kwanza, nacho kilijaa siku ileile milango ilipofunguliwa. Waliobaki nje, karibu wote watoto wa wafugaji, nilipewa mimi, pamoja na ubao wa kuburuta na mti wa mgunga ulio nyuma ya jiko. Basi hilo ndilo darasa langu. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Gitau, si mtu mbaya ila amechoka. Mwezi wa pili aliniita akasema, "Omollo, lile si darasa, ni soko. Mkaguzi anakuja kutoka Lodwar. Akilikuta vile, mimi mwenyewe nitamwomba alifunge, watoto warudi nyumbani mpaka mwakani."

Mpaka mwakani. Huko kwetu mtoto akirudishwa nyumbani, mwakani utamkuta palepale akichunga ndama wa baba yake. Huku mvua imekawia, na watu walikuwa wanangoja neno moja tu kutoka shuleni. Darasa likifungwa, wanahama na mifugo kuelekea milimani upande wa Uganda, na watoto wanakwenda nao. Mtoto akishafika huko, mwakani utamtafuta wapi? Nilikuwa nakula chakula bila kujua nimekula nini.

Na kusema kweli, lilikuwa soko. Nilichora mistari mchangani kwa kiboko, nikawapanga safu safu kama tulivyopangwa sisi. Nikigeuka kuandika herufi ubaoni, nikirudi safu imepinda. Nikiandika nyingine, safu hakuna, wamerundikana upande mmoja, huyu amemkalia yule, wengine wanasukumana, vumbi mtindo mmoja. Nawarudisha, nafoka. Unaijua sauti yangu, ile ambayo Baba alikuwa akiituma shambani kufukuza ndege wa mpunga. Upepo wa huku unaibeba yote unaipeleka Lokichoggio, watoto wanabaki kunitazama tu.

Sasa sikia. Siku moja watoto wamekwenda, nimekaa chini ya mgunga nakunywa chai, nikaangalia mchanga. Viatu vyangu vya raba vina mistari, na pale hakuna mwingine mwenye viatu kama hivyo. Nikaona nyayo zangu zilianzia mbali, upande wa machweo, ambako kivuli huangukia asubuhi. Halafu zikasogea, zikasogea tena, zikaja mpaka kwenye shina la mti, na pembeni yake alama za miguu ya ubao nilioburuta. Ni mimi, Keziah. Tangu asubuhi mwalimu mzima nilikuwa nahama na kivuli, huku nawafokea watoto kwa nini hawatulii juani.

Nilicheka peke yangu mpaka mpishi akatoka jikoni kuona nimepatwa na nini. Baadaye nikaona aibu, maana kuna watoto niliokuwa nimewachapa kwa kosa hilo.

Kesho yake nikaacha mistari. Nilipanga mawe makubwa chini ya mti, kutoka pale kivuli kinapoanzia asubuhi hadi shinani, nikapata vituo vinne. Kituo cha mbali ni cha nyimbo na kuitana majina. Kinachofuata ni cha herufi. Cha tatu hesabu, kwa kokoto. Cha mwisho, kwenye shina lenyewe, ni cha hadithi na uji. Jua likigusa mawe ya kituo, somo limekwisha, tunahamia linalofuata. Hatuna kengele wala saa, na ninakuhakikishia hakuna mtoto anayeuliza uji ni lini, kwa sababu anauona unakuja.

Siku za kwanza kuhama kwenyewe kulikuwa vita. Wote waliinuka pamoja wakakanyagana. Nikawagawa makundi, nikawaacha wajichagulie majina, wakawa Ngamia, Punda, Mbuzi na Kondoo. Punda walichaguliwa na wale wakorofi wenyewe, na wanajivunia. Kila kundi lina wimbo wake mfupi. Siamrishi mtu. Naanza wimbo wa Kondoo, Kondoo wanaondoka, wengine wanangoja wao. Na hapo nikaona jambo lingine. Watoto hawa wakichunga, mmoja hutangulia na mmoja hufuata nyuma akikusanya mbuzi waliochelewa. Nikasema vizuri, na sisi tutakuwa na mchungaji wa nyuma. Kila juma anabadilika. Kazi yake ni moja, asibaki mtu juani. Mtoto ambaye hatulii hata ukimfunga kamba, mpe kazi hiyo uone anavyonyooka.

Kiboko ninacho bado, ila sasa ni kalamu ya kuandikia mchangani. Na kupiga kelele nimeacha. Wakianza kuvuruga, nachuchumaa, nachora kitu mchangani polepole bila kusema neno. Wa mbele wananyamaza waone ni nini, wa nyuma wananyamaza kwa sababu wa mbele wamenyamaza. Unacheka? Jaribu. Koo lako litanishukuru.

Basi Jumanne mkaguzi akaja. Anaitwa Bwana Kipkemboi, mrefu, koti jeusi katika joto la Kakuma, hacheki. Bwana Gitau alimpitisha kwanza kwenye vyumba, halafu akamleta kwangu akitembea kama anayempeleka mtu kuona mzoga. Kiti kikaletwa kutoka ofisini, kikawekwa kituo cha kwanza. Watoto wakamwamkia, "Ejok!" kwa sauti moja, naye akaitikia kwa kichwa akafungua faili lake akaanza kuandika.

Tukaimba, tukaitana majina. Jua likagusa mawe. Nikaanzisha wimbo wa Kondoo, kisha Mbuzi, kisha Ngamia, na Punda wakamalizia kwa madaha yao. Wote wakakaa kituo cha pili, kimya, macho ubaoni. Nikageuka kuandika. Nilipoangalia nyuma, moyo ulinishuka. Mkaguzi alikuwa bado kituo cha kwanza, ameinamia faili, jua limempata barabara utosini, na hana habari. Bwana Gitau kando yake anakohoa. Nikawaza, nimwambie? Mimi mwalimu wa kuokotwa nimwambie mkaguzi ahame?

Juma hili mchungaji wa nyuma ni Akeno. Ni kasichana kadogo, kichwa kimenyolewa kikabakizwa utepe wa nywele katikati, shanga shingoni, na tangu Januari hakajawahi kuzungumza na mtu mkubwa asiye mama yake. Akasimama. Akawatazama wenzake wote waliokaa, akaona kazi yake haijaisha. Akatembea mpaka kwa mkaguzi, akashika pindo la lile koti jeusi, akalivuta.

Bwana Gitau aliinua mkono kumfukuza. Akeno hakumwangalia hata kidogo. Alisema maneno mawili ya Kiswahili, kati ya machache anayoyajua.

"Njoo. Jua."

Mkaguzi akaangalia pindo, akaangalia jua, akaangalia darasa zima kivulini linamngoja. Akainuka. Akeno akakamata kiti akakiburuta nyuma yake, kiti kirefu kuliko yeye, akakiweka mwisho wa kundi la Punda, halafu akaenda zake kukaa. Nami nikaendelea na herufi kana kwamba ni mambo ya kila siku. Na ni mambo ya kila siku, dada, hapo ndipo ninapotaka kuruka kwa furaha.

Alihama nasi mpaka kwenye shina. Alikunywa na uji. Tulipomaliza alimwuliza Bwana Gitau, mbele yangu, "Hawa ndio ulitaka niwarudishe nyumbani?" Bwana Gitau akasema, "Mwezi jana ungewaona, bwana." Mkaguzi akasema, "Nimewaona leo. Waendelee."

Waendelee. Ningeweza kumbusu, koti na yote. Nisisahau kumpa na Bwana Gitau heshima yake, maana jioni alikuja nyumbani kwangu kunipa mkono, na jana nimemwona anapanga mawe nyuma ya darasa la pili akidhani simwoni.

Sasa kuhusu wewe. Usiende kupanga mawe, wewe una paa. Ila jiulize watoto wako wanafuata nini ambacho huwezi kukishinda kwa fimbo. Uliandika kwamba mvua ikianza kupiga mabati husikiki na wao wanachachamaa. Basi usishindane na mabati. Weka kazi ya mikono hapo, kuchora, kufinyanga udongo, kupanga vijiti, wajue wenyewe kwamba mvua ikigonga ni wakati wa udongo. Wagawe makundi, wape majina wanayoyapenda wao. Na mtoto anayekutesa zaidi mpe kazi ya kuangalia asiachwe mtu. Anza na hilo hata kesho.

Nilikuwa nimesema familia zinangoja neno. Walilipata Jumanne ileile, lakini mbuzi hawali neno, na majani hapa yamekwisha. Jana alfajiri nikasikia kengele za mifugo zikipita kuelekea milimani, kundi baada ya kundi, na vumbi. Nikaenda nikasimama chini ya mgunga mapema. Kivuli kikafika mahali pake, na mtu hakuna. Nikasema basi, tumeruhusiwa na serikali, tumefungiwa na jua.

Halafu nikawaona watoto wanatoka upande wa mto mkavu, mmoja mmoja, wengine na nyanya zao watakaobaki kuwalea, kila mmoja na kibuyu na kipande cha ngozi ya kulalia. Akeno alikuja na mama yake, Nabei, ambaye tayari alikuwa amefunga mizigo juu ya punda. Nilimsalimu nikamwuliza kama hamchukui mtoto. Akaniangalia kama mimi ndiye nimefanya kosa.

"Sisi nakwenda na mbuzi," akasema. "Huyu nakataa. Nasema kwa mwalimu kuna watu yeye nachunga. Sasa mimi nifanye nini?"

Akamgusa mtoto kichwani, akageuza punda, akaenda. Hakuangalia nyuma. Akeno aliangalia mpaka vumbi likatulia, kisha akaja akasimama mahali pake, nyuma ya wote. Kabla sijaanzisha wimbo, Punda walianza wenyewe.

Kwa hiyo, dada yangu, nakuomba umwambie Mama polepole, akiwa ameshakula. Likizo ya Aprili nisingojwe. Najua alishanitengea jogoo. Lakini akina mama hawa wamehama na wameniachia watoto wao, na wakati wa likizo mtu lazima awepo hapa asubuhi. Siwezi na mimi nikahama.

Nisalimie shemeji Okech, mwambie yale maneno yake kwamba darasa la kwanza ni kazi ya wanawake tutayazungumza nikija. Msalimie baba mdogo Ogweno na nyanya Aloo, na yule wa mgongoni umbane shavu kwa niaba yangu. Mungu akurudishie sauti yako, na akupe sababu chache za kuitumia. Nyumba yenu isikose unga wala kicheko.

Ndimi kaka yako akupendaye,

Shadrack Omollo